Chai Isiyohitaji Mkaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Juliana aliingia uani na ndoo ya lita ishirini kichwani, akakunja magoti kidogo, na mama mkwe wake, Mbuke, akaipokea kwa vitambaa viwili kwa sababu ilikuwa ya moto. Mbuke alifunua mfuniko, akarudisha uso nyuma kuukwepa mvuke, akachota jagi la kwanza na kulimimina kwenye birika lenye majani ya chai. Maji yalikuwa bado yanatokota. Kutoka kwenye pampu ya kijiji hadi pale uani ni mwendo wa dakika nane, na Juliana alikuwa ameyachota ya baridi kama watu wengine wote.

Hii ilikuwa wiki ya nne. Mimba ya Juliana ilipoingia mwezi wa saba maji yalianza kufika nyumbani yakiwa vuguvugu, na Mbuke alidhani ni jua. Wiki iliyofuata yalifika ya kuogea. Kisha ndoo ya plastiki ikalegea kitako, ndipo Mbuke akanunua ndoo ya bati na kumshonea mkwe wake ngata nene ya matambara ili asiungue utosi. Gunia la mkaa lililokuwa nyuma ya jiko halikufunguliwa tena. Kuku walianza kutaga juu yake.

Mgahawa wa Mbuke uko Nyarugusu, hatua chache kutoka mwalo, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Wateja wake ni wachimbaji, na wachimbaji si watu wa kushangaa ovyo. Mtu aliyeteremshwa kwa kamba mita sabini ardhini akapandishwa mzima hana haja ya kuikodolea macho ndoo. Walichosema ni kwamba chai ya Mbuke siku hizi haina harufu ya moshi. Masalu, msimamizi wa duara moja kubwa, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, aliuliza kama mayai nayo yanawezekana. Wakatumbukiza mayai thelathini kwenye ndoo pale pale pampuni, yakafika yameiva hadi kiini. Mchungaji naye aliomba ndoo mbili kwa ajili ya ubatizo, maana Julai maji ni baridi na waongofu walikuwa wanaahirisha.

Mbuke alimpenda mkwe wake, hilo lisisahaulike. Mwanawe Boaz, mume wa Juliana, alikuwa akishinda na kulala duarani, anatokea nyumbani mara mbili kwa mwezi, na katika miaka miwili ile Juliana ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuongea naye. Alimwekea firigisi ya kuku. Alimpigia kelele akiinama vibaya. Juliana aliposema, "Mama, kichwa kinanigonga," alimpa panadol mbili na glasi ya maji kutoka kwenye ndoo ile ile, baada ya kuyapoza.

Kichwa hakikuacha kugonga. Miguu ilivimba hadi viatu vikagoma, Juliana akawa anavaa kandambili za Boaz. Asubuhi uso wake ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. Mwamvua, jirani aliyeuza dagaa, alimbonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki pale bila kujaa, akatangaza kwamba hao ni mapacha. Watu walicheka kwa furaha. Juliana alicheka pia, akiwa amefumba jicho moja, kwa sababu akifumbua yote mawili aliona vimulimuli mchana kweupe.

Jumatano walikwenda kliniki. Zahanati haikuwa na maji, kwa hiyo kila mama mjamzito alitakiwa kuja na ndoo yake, na Juliana alikuja na ya kwake. Nesi Rebeka alipoona mvuke alileta trei ya vifaa. Gesi ya zahanati ilikuwa imekwisha, akatumbukiza mikasi na vibanio ndani ya ndoo, akaangalia saa yake, akaviacha vichemke dakika ishirini zinazotakiwa.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mbuke.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamgeukia Juliana. "Kichwa kinauma?"

"Kinagonga. Hapa mbele."

"Macho?"

"Naona vimulimuli."

"Na hapa, chini ya mbavu?"

"Tangu juzi."

Rebeka alimbonyeza muundi, akalitazama lile shimo. "Hii ni presha ya mimba," alisema. "Iko juu sana. Anatakiwa hospitali, Geita, leo. Si kesho."

"Umempima?" Mbuke aliuliza.

"Mashine ilipelekwa kutengenezwa tangu Pasaka."

"Sasa umejuaje?"

"Maji yanachemka, mama."

Mbuke aliitazama ndoo. Lakini aliomba kujua kadi inasemaje, kwa kuwa kadi ni kitu cha serikali. Rebeka aliifungua, akachukua kalamu na kuandika 110/70. Ndivyo alivyokuwa akiwaandikia wajawazito wote tangu mashine iondoke, maana kisanduku kile hakiruhusiwi kubaki kitupu na wakaguzi wakikikuta kitupu wanauliza. Kwa miezi minne wanawake wa kata nzima walikuwa na presha moja, kama watoto wa shule na sare yao.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" Mbuke aliuliza.

"Hiyo ni nzuri."

"Basi."

"Mama, hiyo nimeiandika mimi," Rebeka alisema. "Maji sikuyachemsha mimi."

Alimwandikia barua ya rufaa. Akawaeleza wote wawili, polepole, mambo ya kuangalia: akianza kukakamaa na kutikisika, asiwekwe kitu mdomoni, alazwe ubavu na aletwe mbio. Na akishajifungua, kanga zihesabiwe. Kanga mbili zikilowa damu chepechepe, hakuna kungoja ya tatu. Mbuke aliifunga barua kwenye pindo la kanga yake pamoja na ufunguo wa mgahawa.

Ile ilikuwa Jumatano, na Jumamosi duara la Masalu lilikuwa linatoa mzigo. Mawe ya miezi miwili yangepandishwa siku moja, watu sitini wangekula na kunywa kwa Mbuke tangu alfajiri, na alikuwa amekwishakubali. Kazi kama ile ukiikataa mara moja anapewa mwingine. Alipiga hesabu ya ndoo njiani, kwa vidole.

"Tutakwenda Jumapili," alisema. "Jumapili asubuhi sana. Unaonaje?"

"Sawa, mama," Juliana alijibu. Mkwe wa miaka miwili hana jibu lingine, na Mbuke aliposema unaonaje alilijua hilo.

Jumamosi Juliana alibeba ndoo saba. Ya kwanza hadi ya nne zilifika zikitokota kama kawaida. Ya tano mfuniko wake ulikuwa ukirukaruka, ukasikika kutoka kona ya kanisa, na wachimbaji waliokuwa wakingoja waliandaa vikombe. Ya sita alipita nayo mlangoni akaendelea na njia, hadi Mbuke akamwita.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, mlango siuoni."

Mbuke alimshika mkono, akampokea ndoo, akamkalisha kwenye benchi. Alimwambia apumzike. Halafu Masalu akauliza kama uji bado, na Juliana akainuka mwenyewe, akachukua ndoo, na Mbuke akamwona anaondoka na hakumwita. Baadaye alikuwa akilirudia jambo hilo peke yake mara nyingi: kwamba alimwona, na mdomo wake ulikuwa mzima.

Ndoo ya saba Juliana aliiteremsha bila kumwaga tone. Akasimama wima, akageuza shingo upande kana kwamba ameitwa, akaanguka. Mwili ulikakamaa, kisha ukatikisika, na povu likatoka mdomoni. Mwamvua alikuja na kijiko, akisema ni mashetani na aitwe mtaalamu wa mambo hayo. Mbuke alimnyang'anya kijiko. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, lakini alimlaza Juliana ubavu na kusema neno moja tu, "Pikipiki."

Thobias, dereva wa bodaboda, alikuja na yake. Walimkalisha Juliana katikati, Mbuke nyuma yake, wakawafunga wote watatu kwa kanga kama mzigo wa mihogo. Mgongo wa Thobias uliungua kupitia koti. Hakulalamika, alisema tu kwamba injini yake haijawahi kupata moto namna hiyo.

Zahanatini Rebeka alichoma sindano ya kifafa cha mimba, nusu tako hili, nusu tako lile, na mtikisiko ukakoma. Alipiga simu ya gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limepeleka mtu mwingine mbali na lisingerudi kabla ya jioni. Kabla hajakata simu, uchungu ukamshika Juliana, na saa nane mchana mtoto akazaliwa, wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Mapacha hawakuwapo. Mbuke alimpokea, akamfuta, akamweka kifuani mwake chini ya blauzi, na kwa muda mfupi akafikiri yamekwisha.

Ndipo damu ikaanza kutoka. Ilitoka kwa utulivu, bila kurusha, ikatandaa kwenye kanga ya kwanza iliyokuwa chini ya Juliana na kufuka mvuke. Rebeka aliweka kiganja juu ya tumbo, akaanza kulisugua kwa nguvu akilitafuta fuko la uzazi lijikaze. Lilikuwa laini kama unga uliozidi maji.

"Hiyo si damu chafu tu?" Mbuke aliuliza. Mama yake alimwambia hivyo, na mama wa mama yake: ya miezi tisa, acha itoke yote. "Si lazima itoke?"

"Damu haina uchafu, mama. Hesabu kanga."

Rebeka alichoma sindano ya kukaza fuko la uzazi. Dawa ile inatakiwa ikae baridi, na jokofu lilikuwa limegeuka kabati tangu betri ya sola ilipokufa. Dawa ilikuwa na joto la chumba. Fuko likajikaza kidogo, likalegea tena. Alimwekea vidonge chini ya ulimi, akatundika dripu, akaendelea kusugua.

"Ya kwanza imelowa," Mbuke alisema.

Akatandika nyingine. Ilikuwa mpya, Juliana aliinunua kwa ajili ya arobaini ya mtoto na hakuwa hata ameikata na kuipinda. Mbuke aliikumbuka siku ile dukani, walivyobishana rangi. Kanga ilibadilika rangi kuanzia katikati kwenda pembeni. Mvuke wake ulikuwa mchache kuliko wa ile ya kwanza.

"Ya pili imelowa."

"Tunaondoka," Rebeka alisema.

Masalu alikuwa amewafuata na vijana wake wanne; waliondoka kwa pikapu yake, juu ya mifuko ya mawe ambayo hapakuwa na muda wa kuishusha. Rebeka alipiga magoti nyuma, akakandamiza tumbo la Juliana kwa ngumi, kwa uzito wake wote, njia nzima. Mbuke alishika dripu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Kanga ya tatu aliihesabu kimyakimya. Haikutoa mvuke. Alimgusa Juliana mguu na kuukuta vuguvugu, na walipofika lami akaugusa tena na ulikuwa wa baridi.

Hospitalini wachimbaji wanne wa Masalu walitoa damu, bado wana vumbi masikioni. Madaktari walimpasua Juliana na kuondoa fuko la uzazi kwa sababu halikukubali kujikaza kwa njia yoyote. Mtu mmoja aliyevaa kijani alitoka kumwambia Mbuke kwamba mkwe wake ataishi, na kwamba hatazaa tena. Mbuke alisema asante. Akakaa chini kwenye sakafu, na muuguzi mmoja akamchukua mtoto ili asimwangushe.

Juliana alirudi Nyarugusu baada ya wiki tatu, amekonda, miguu imerudi kwenye viatu vyake. Mtoto aliitwa Nelly. Watu walikuja na unga na sabuni kumwona mama na mtoto, wakakaa, wakala, wakasema Mungu mkubwa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imefungwa na kupigwa mhuri. Safu ya presha ilikuwa imejaa vizuri hadi mwisho, 110/70 kila mwezi, pamoja na siku aliyoanguka.

Mwezi mmoja baadaye, mwenyewe bila kuambiwa, Juliana alijitwisha ndoo. Mbuke alisema bado mapema. Juliana alisema ni nusu tu. Alirudi baada ya dakika ishirini, akaiteremsha, na Mbuke akaingiza kidole. Maji yalikuwa ya baridi. Wote wawili waliyatazama. Mbuke akaenda nyuma ya jiko, akawafukuza kuku, akafungua gunia la mkaa.

Wateja hawakusema maneno mabaya. Walisema chai ina moshi. Walisema inachelewa. Masalu alikuja mwenyewe, kwa heshima, akamsalimia Juliana, akamsifu mtoto, akaeleza kwamba vijana wake wanahitaji kula mapema na kwamba upande wa pili wa mwalo kuna mama mmoja ambaye binti yake ana mimba ya miezi minane. Alisikitika kweli. Alikuwa amewapa pikapu yake, na Mbuke hakuweza kumkasirikia.

Boaz aliporudi alikaa siku mbili akimbeba mtoto. Siku ya tatu alimwambia mama yake kwamba ndugu wanauliza kuhusu mtoto wa kiume. Mbuke alikuwa amelingoja neno hilo, hata alikuwa ameshamfikiria msichana wa kuwa mke wa pili, Suzana, wa kijiji kimoja karibu na Bulyanhulu, watu wa ng'ombe. Ni yeye aliyemwambia Juliana, kwa sababu Boaz alikuwa amerudi duarani.

Juliana alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua.

"Mwambieni asibebe ndoo," alisema.

"Nitamwambia."

"Mwambie mapema, mama. Kabla hajazoea."

Mbuke alisema atamwambia. Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa nzito mwilini mwake, lakini ilikuwa imekaa pale siku nyingi na alikuwa amejifunza kufanya kazi nayo.

Walimpokea vizuri kule Bulyanhulu. Habari za ng'ombe zingezungumzwa na wanaume siku nyingine. Hii ilikuwa ziara ya kina mama. Mama Suzana alimwekea kiti chenye mto. Suzana mwenyewe alitokeza, akapiga magoti, akamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaingia ndani haraka, msichana mwenye mabega ya kazi. Mbuke alimpenda papo hapo.

Kabla ya chakula, dada mkubwa wa Suzana alileta beseni na jagi la kunawia. Jina lake Paskalina, alikuwa amerudi kwao kungojea kujifungua. Alipiga magoti kwa shida, tumbo mbele, akamimina. Mbuke aliurudisha mkono. Maji yalikuwa ya moto, karibu ya kuunguza. Alitazama jikoni. Chakula kilikuwa kimepikwa tangu asubuhi, na juu ya majivu paka alikuwa amelala.

Akatazama miguu ya Paskalina. Alikuwa amevaa makobazi ya kiume.

"Kichwa kinakuuma, mwanangu?"

"Kidogo, mayu. Ni jua."

"Na macho?"

Paskalina alitabasamu, akamtazama mama yake kuona kama ajibu. Uso wake ulikuwa umejaa, umeng'aa. Mbuke alimgeukia Mama Suzana, na maneno yakamtoka kwa mpangilio, moja baada ya jingine, kama alivyoyapokea.

"Huyu ana presha ya mimba. Apelekwe hospitali akapimwe, leo. Si kesho. Na asibebe tena ndoo."

Mama Suzana hakuchukizwa. Alitikisa kichwa kwa shukrani, kama mtu anayepewa salamu za mbali. "Ni kweli kabisa, mayu. Hata mimi nimeona amevimba. Atakwenda, shughuli yetu ikishapita. Sasa hivi nikimtoa hapa, wageni wenu nitawapikia kwa kitu gani? Huyu ndiye moto wetu."

Mbuke alikuwa bado ameinamisha mikono juu ya beseni, maji yanadondoka. Alijua kwamba angeweza kusema shughuli haipo. Angeweza kuinuka, akashukuru, akarudi Nyarugusu, na Paskalina angekuwa hana wageni wa kuwapikia. Aliifikiria njia ya kurudi. Alimfikiria Boaz, na benchi za mgahawa zilizo tupu asubuhi, na yale mabega ya Suzana.

"Basi tuifanye mapema," alisema.

Mama Suzana alifurahi. Walihesabu pamoja, wakaona wiki tatu zinatosha, wakakubaliana Jumamosi. Paskalina alisikiliza hadi wakamaliza, akamwaga maji ya beseni kando ya ua, akajisukuma kwa goti hadi akasimama, akachukua ndoo na ngata yake na kwenda pampuni kuchota maji ya chai.